Mwalimu Geeta Aitwa Hallowmere

Nje ya duka la kaka yake Geeta, pale Kenton, pana benchi la mbao ambalo halmashauri ililiweka kwa ajili ya wangoja basi. Wangoja basi walishalikimbia. Tangu Waasia wa Uganda walipomiminika London mwaka sabini na mbili, kuwafuata wale wa Kenya waliotangulia, benchi limekuwa la watu wa kwetu. Anayetafuta chumba huuliza hapo, anayetafuta kazi huuliza hapo, na anayetaka kupotoshwa hupotoshwa hapo bila malipo. Mzee Vuai wa Pemba, aitwaye Spika kwa kuwa hakuna asemaye bila ruhusa yake, huja na birika la kahawa chungu lililofungwa taulo. Talib wa Unguja huitwa Koti, maana hata Julai halivui. Kamande, karani wa reli kutoka Nyeri, ni Ripoti, kwa sababu kila uongo wake una ripoti.

Jumamosi hiyo saa mbili asubuhi, Geeta alitoka dukani na sari ya kijani, koti la kijivu juu yake, bahasha mkononi. Treni yake ya kwenda Euston ilikuwa saa tatu kasoro kumi. Alikuwa amefundisha hesabu Kisumu miaka kumi na tisa. London amefungasha balbu kiwandani mwaka na nusu. Sasa Hallowmere, shule binafsi ya Waanglikana, ya wavulana watupu wanaolala bwenini, imefiwa na mwalimu wa hesabu katikati ya muhula. Mkuu wa shule kamwita aje wamwone. Wakimkataa, Jumatatu ni balbu.

Na shule nyingine mbili zilishamkataa. Kila walipomwuliza kama anajua aljebra, alijibu, “Kidogo,” kama ajibuvyo mtu yeyote aliyelelewa. Mzungu akaandika: kidogo.

Spika: Kaa, mwanangu. Hebu tusomee tena hicho kijitabu cha shule kilichomo kwenye bahasha.

Geeta akasoma. Shule ilianza mwaka 1851, padri mmoja na wavulana kumi na mmoja, ndani ya ghala la shayiri. Alfajiri maji baridi, kisha kanisani, ndipo chai. Kengele kumi na saba kwa siku. Mvulana mdogo humng'arishia viatu mkubwa, mpaka naye akue ang'arishiwe.

Ripoti: Kwa mujibu wa ripoti, ma-DC wetu wote walipikwa humo. Mtoto wa miaka minane anatolewa kwa mamake, anamwagiwa barafu, anapiga viatu rangi miaka mitano. Akimaliza unampa wilaya. Si atakutafuta wewe umpigie vyake?

Koti: DC wetu hakuoga kabisa. Hilo la maji ni propaganda.

Spika: Oda! Oda! Ghala la shayiri mnalielewa? Shayiri Wazungu huifanyia pombe. Padri alikuwa na kiwanda, na wale kumi na mmoja ndio vibarua. Serikali ilipokuja kukagua, akawagawia Biblia, akasema, “Hii ni shule.”

Koti: Na kengele je? Za kuwahesabu. Chini ya kanisa kuna handaki, linatokea kwa Malkia. Akipungua mmoja, ujue kashakuwa balozi.

Geeta alicheka, lakini vidole vyake vilikuwa vikikunjakunja pembe ya bahasha.

Geeta: Na mimi Mhindu, kanisani nitafanya nini?

Koti: Kaa nyuma kwa adabu. Mimi nilisoma misheni miaka minne, nikatoka na Uislamu wangu mzima na mwandiko mzuri.

Geeta: Haya. Wakiniuliza kama naweza kazi, nijibu vipi?

Spika: Debe tupu haliachi kuvuma. Basi nawe uvume!

Geeta: Mzee, methali hiyo inasema kinyume.

Spika: Kinyume huko Pemba. Hapa madebe ndiyo yanayoajiriwa.

Koti: Sema umemfundisha waziri wa fedha.

Ripoti: Watatu. Mmoja hawatamwamini.

Spika: Sema umegundua sifuri. Si waliigundua Wahindi? Mambo ya familia hayo.

Geeta: Mimi sisemi uongo! Kama kazi haipatikani bila kujipigia tarumbeta, basi wabaki na kengele zao.

Akaitia bahasha mkobani. Saa mbili na nusu ilishapita. Aliutazama mlango wa duka, akawaza avue sari, avae aproni, yaishe.

Hapo ndipo alipofika msichana na daftari, sare ya unesi ikichungulia chini ya koti. Alikuwa anangoja basi, akasikia Kiswahili.

— Hamjambo wazee? Naitwa Zipporah. Kuna mtu hapa anajua hesabu?

Spika: Wote.

Zipporah: Leo Sista wa wodi ananiuliza mbele ya wenzangu. Nikikosa, sishiki dawa. Mgonjwa apewe miligramu sabini na tano. Kichupa kina miligramu mia ndani ya mililita mbili. Navuta ngapi?

Ripoti: Nusu.

Koti: Mgonjwa ni mnene? Mpe zote.

Spika: Sabini na tano mara mbili. Mia na hamsini.

Zipporah: Mililita mia na hamsini? Kwa sindano?

Spika: Basi tafuta ya ng'ombe.

Geeta: Mtaua mtu! Leteni vikombe viwili.

Akavipanga juu ya benchi, kahawa imejaa sawasawa.

Geeta: Hizi ndizo mililita zako mbili. Miligramu mia zimo humu. Kila kikombe kina ngapi?

Zipporah: Hamsini.

Geeta: Mpe mgonjwa kimoja. Anadai ngapi bado?

Zipporah: Ishirini na tano. Hiyo ni... nusu kikombe. Moja na nusu! Mililita moja na nusu!

Geeta: Mwelezee Koti. Koti asipoelewa, na wewe hujaelewa.

Zipporah akaeleza. Koti akaelewa, akashangaa kuliko wote.

Geeta: Na akitakiwa kupewa sitini?

Zipporah alifumba macho. Geeta hakumsaidia. Alisimama wima, mikono nyuma, akingoja bila papara, na Ripoti alipofungua kinywa alimnyamazisha kwa kidole.

Zipporah: Moja... nukta mbili.

Geeta: Nenda. Huna haja ya kuniuliza tena.

Basi lilikuwa limeshafika. Zipporah akadandia ngazi, akageuka.

— Asante, Mwalimu. Kwani unafundisha shule gani?

Spika akainama kufunga taulo lililokuwa limefungwa. Dereva akapiga honi.

Geeta alikuwa ameshakamata mkoba, sari kaishika kwa mkono wa pili.

— Niulize Jumatatu! alimwitikia, akakimbilia stesheni.