Chungwa la Kwanza la Mama Consolée Feza

Baba Padri, wazee, wamama wa parokia, ndugu zetu Waislamu wa mutaa mulioacha maduka yenu, na ninyi wote mulioketi chini ya hema hii tangu Jumanne, familia imenituma mimi Laetitia, yaya yake marehemu, yaani dada yake mukubwa, niwasomee maisha yake, si kwa sababu nimesoma kuliko wengine, munajua niliishia darasa la tatu, ila kwa sababu mimi ndiye niliyemuona akizaliwa na ndiye niliyemufunga macho, na karatasi hii nimeiandika kwa mukono wangu, binti yake Sarah-Grâce amesahihisha tarehe tu, maneno mengine yote ni yangu.

Marehemu Consolée Feza alizaliwa Wamaza, katika teritware ya Kabambare, siku ya Ijumaa tarehe 3 mwezi wa tano mwaka 1957, mama yetu akiwa ametoka tu kwenye shamba la mupunga na muzigo wa kuni kichwani, mimi nilikuwa na miaka mitatu, na wanasema nilipoonyeshwa yule mutoto nililia sana nikitaka arudishwe alikotoka. Mungu amenisikia, lakini amechelewa miaka sitini na saba, na mimi sikutaka tena.

Alianza masomo katika shule ya misheni kulekule Wamaza mwaka 1963, vita ya 1964 ikaifunga shule, tukakimbilia porini, yeye na kibao chake cha kuandikia chini ya kwapa kama mutu aliyebeba kuku, akarudi darasani 1966, akamaliza la sita 1971, kisha akaja hapa Kasongo kwa shule ya walimu, akapata cheti mwaka 1976. Mimi nilibaki nyumbani kutwanga na kulea wadogo, kwa sababu mumoja wetu alipaswa kubaki, kwa mudomo sikunung'unika, kwa moyo nilinung'unika, na neno hilo mulishike, nitalirudia.

Tangu 1976 hadi 2011 alifundisha darasa la kwanza hapahapa Kasongo, miaka thelathini na mitano, nusu ya watu walio hapa alishika mikono yao kuwaonyesha namna ya kuandika a, hata hawa wanaojiita leo wakubwa, na mimi niliyekuwa nikimupelekea chakula saa sita najua vizuri ni nani kati yao aliyelowesha benchi, lakini leo si siku ya hayo.

Tarehe 16 mwezi wa munane mwaka 1980 alifunga ndoa katika kanisa letu na marehemu Sylvestre Katembo, mufanyabiashara wa vitenge aliyetoka Butembo kupitia Salamabila, mwanaume wa miguu mirefu, watu walisema hatamaliza mwaka, atarudi kwenye dhahabu ya Salamabila, na mimi nilikuwa wa kwanza kati ya hao watu, kumbe alikaa naye miaka ishirini na tisa, mpaka tarehe 22 mwezi wa kumi na moja 2009 pikipiki ilipomuangusha kwenye njia ya Salamabila. Walizaa watoto wawili, Bruno mwaka 1983 na Sarah-Grâce mwaka 1990, na marehemu anaacha mujukuu mumoja, Plamedi, huyu aliyekumbatia picha.

Alipoacha kufundisha alirudi kwenye shamba la Sylvestre, hekta mbili kwenye njia ya kwenda Lualaba, machungwa, mandarini, avoka, nanasi kando ya kijito, mboga za sombe na lengalenga upande wa chini, lakini magoti yake yalikataa ngazi na vibarua walimuvunjia matawi, basi siku ya Mungu, tarehe 1 mwezi wa sita 2014, alisimama kanisani akatangaza kwamba kila Jumamosi familia zije na vikapu na watoto wao, kila mutu achume kwa mukono wake, atakachokula akiwa ndani ni bure, atakachotoka nacho kitapimwa na kulipiwa mulangoni, kwenye kasoko kadogo ambako wamama watauza karanga na mikate ya moto. Tangu Kasongo iwe Kasongo hatukuwa tumesikia mutu akiwaita watu waje kuchuma shambani kwake, huku kwetu shamba linafungwa kwa dawa, mwizi akigusa tunda tumbo linavimba, na watu walikuwa wameona chupa nyeusi zinaning'inia kwenye machungwa ya Consolée.

Jumamosi ya kwanza, tarehe 7, hakuingia mutu, watoto walisimama barabarani wakimeza mate na mama zao wakiwashika shingo, na Jumamosi zote za musimu ule vilevile, machungwa yakaanguka, yakaoza, harufu ikafika mpaka sokoni, na mudogo wangu akakonda.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu neno hili halikuandikwa kwenye karatasi ambayo Sarah-Grâce alisahihisha, nimeliongeza leo asubuhi. Zile chupa zilikuwa na maji ya ndizi mbivu, ni mutego wa inzi wanaotoboa matunda, Consolée alinieleza mwenyewe tukizifunga pamoja, nilijua, na bado nilienda kuketi kwenye meza ya Mama Amisa anayeuza chumvi, nikamuambia, "Mwenzangu, chupa zile zimetoka kwa fundi wa dawa wa Kabambare, mukono ukigusa tawi unabakia huko huko," Amisa akasema, "Yaya Laetitia, acha uongo wako!", nikaapa, tukacheka, na kufikia alasiri soko zima lilikuwa linajua. Nilitaka mara moja tu mwalimu akae na vikapu vitupu, ajue kubaki nyumbani kunauma namna gani, nilifikiri ni muchezo wa siku moja, ukala musimu muzima, na miaka kumi nilikula machungwa yake bila kumuambia.

Aliyeuvunja uongo wangu ni Consolée mwenyewe, Jumamosi tarehe 13 mwezi wa sita 2015, alisimama chini ya muti wenye chupa, akachuma chungwa, akalimenya mbele ya watu waliojaa barabarani, akala nusu, nusu akamupa Plamedi aliyekuwa na miaka mitano, wakakaa chini kwenye nyasi wakingoja tumbo livimbe, tumbo halikuvimba, na Mama Amisa huyuhuyu akawaachilia watoto wake mikono, wakakimbia ndani kama mbuzi waliofunguliwa. Tangu siku ile hakuna Jumamosi iliyofunguliwa kabla yeye hajauma chungwa la kwanza, Wakristo na Waislamu, motari wa pikipiki na wake wa wakubwa, wote walingoja ameze.

Ugonjwa wa figo ulimushika mwezi wa tatu mwaka huu, alilazwa mara mbili, na Jumanne tarehe 9 mwezi wa saba 2024, saa kumi na moja asubuhi, alikata roho, neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Yaya, nani atauma la kwanza?", nikamuambia anyamaze apumzike, kwa sababu nilikuwa mwoga.

Nilikuwa mwoga kwa kuwa Jumamosi iliyopita Plamedi alifungua mulango wa shamba akakaa peke yake mpaka saa sita, uongo wangu ulikuwa umeamka, iko watu wanaosema dawa ya chupa imemurudia mwenyewe, na Bruno ameniambia, "Mama mukubwa, shamba lisiloingiwa na watu ni pori," mwisho wa mwezi anakata miti. Nimemuomba Jumamosi moja tu.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa hospitali waliomuhangaikia, walimu wenzake, majirani waliotupikia, vijana waliochimba kaburi kwenye udongo huu mugumu, na Mama Amisa aliyejua tangu asubuhi kwamba nitamutaja na bado amekuja.

Leo asubuhi, kabla ya kufunga kitenge hiki cha musiba, nilienda shambani, nikachuma kwenye muti uleule wenye chupa, nikala machungwa mawili, maji yalitiririka mpaka kwenye kiwiko, na munaniona, nimesimama, na mudomo huu munaoujua bado unafanya kazi. Keshokutwa Jumamosi, tarehe 13, saa mbili, njooni na vikapu na watoto, nitauma la kwanza mbele yenu.

Feza, mudogo wangu, ulipokuja nililia urudishwe, leo umerudishwa na nalia tena, nisamehe, pumzika kwa amani, mulango nitaufungua mimi.