Papa Kalala na Kitu Kisichosukuma

Kila alasiri, jua likishalegea upande wa stesheni ya Kindu, watu walewale huketi kwenye benchi ileile ya Aboubakar muuza kahawa, iliyopigiliwa kwa mataruma ya zamani ya reli. Hapo hakuna jambo lisilojulikana; kinachokosekana ni ukweli tu. Elie, ambaye wenzake humwita Ministre kwa kuwa aliwahi kumbebea waziri mkoba pale uwanja wa ndege, kazi yake ni methali. Tshimpaka fundi redio, maarufu kama Volti, kazi yake ni sayansi. Na Papa Kalala, mstaafu wa reli anayeitwa Chef, kazi yake ni kucheka. Siku hiyo hakucheka. Alikuwa amefika akisimamasimama njiani apate pumzi, miguu imevimba ndani ya sandali, na mfukoni ana tiketi ya ndege ya kesho. Bado hajamwambia binti yake Odile kama atapanda au hapandi.

— Docta alisema nini kabisa? akauliza Aboubakar, akimimina kahawa.

— Anasema moyo iko na pande mbili, na hazipige pamoja. Moja inapiga, ingine inachelewa. Njo maana damu haifike vizuri na mie nachoka bure. Kule Kinshasa watatia kamashini kadogo hapa chini ya bega, chini ya ngozi, na waya mpaka ndani ya moyo.

— Waya? Volti akaweka kikombe chini. Chef, wakati wa vita mie nilifungwa sababu ya waya. Wanajeshi waliona waya moja juu ya nyumba yangu, wakasema: huyu iko na fonia, redio ya kuongea na watu wa mbali, anapelekea adui habari.

— Na ulikuwa nayo, fonia? akauliza Aboubakar.

— Nilikuwa naanika nguo.

— Sasa?

— Sasa Chef atatembea na waya ndani ya kifua. Kwa kila bariere ya njiani wanajeshi watamuuliza: papa, unaongea na nani?

— Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu, akasema Ministre. Moyo ukitaka kunyamaza kidogo, usiusumbue.

— Tena iko radi, Volti akaendelea. Radi ya Kindu inatafuta chuma. Mvua ikianza, nani atakubali kukaa karibu yako? Hata bibi yako atalala jikoni.

— Na siku ya kufa? Ministre akadakia. Mutu amekufa, batri iko nzima. Tunalia, tunachimba, tunashusha sanduku, na moyo bado unapiga. Asubuhi tunakukuta hapa, unadai kahawa. Chef, mutoto akililia wembe, mupe. Odile anataka ndege, basi apande yeye.

Kalala alijaribu kutabasamu. Aliwajua wenzake: wakipenda mtu sana, humtisha. Lakini hofu yake haikuwa radi wala kaburi, na kisu cha daktari hakikumnyima usingizi. Alimwogopa yule mzee atakayerudi kutoka Kinshasa, mzee wa kusukumwa na mashine kama gari bovu, yeye aliyeishi kwa nguvu zake tangu ujana.

— Mie nilikuwa mutu wa kazi, akasema. Sipendi mashini inisukumie moyo wangu.

— Kwani inasukuma? akauliza Aboubakar.

— Docta anasema hapana. Moyo wenyewe njo unasukuma. Kamashini kanagonga tu kidogo, pande zote zisikie saa ileile.

Volti akacheka kwa dharau ya fundi.

— Haisukume? Haibebe? Sasa inafanya nini mule? Inakula batri na kukaa. Hiyo si dawa, ni mugeni asiyeondoka.

Hapo akafika mama mmoja na gunia la mchele, akaliegemeza kwenye benchi. Akasema anaitwa Mbelu, ametoka Kibombo, anangoja baiskeli ya kumfikisha sokoni, na kama kahawa ipo, apewe. Ministre kusikia Kibombo, akasahau mazishi yote aliyokuwa akiyapanga.

— Mama, unatoka Kibombo na haumujue huyu? Wakati wa vita treni zilikufa, mafuta hakuna. Huyu Chef njo alileta wagonjwa toka kwenu mpaka hapa. Kwa kitoroli, juu ya reli, watu wanasukuma na mikono.

— Mie nilikuwa mumoja wao, akasema Volti. Safari ya kwanza Chef hakukuwako. Kila mutu anasukuma saa yake. Huyu anasukuma, yule anapumua. Kwenye mulima kitoroli kikaturudia, na wagonjwa juu. Safari ya pili akakuja Chef na mutaimbo, anagonga reli, anaimba: Kibombo iko nyuma, sukuma! Kindu iko mbele, sukuma! Kikapanda. Watu walewale, njaa ileile.

Mbelu akapuliza kahawa yake, akamtazama Kalala kwa heshima.

— Na wewe, papa, ulikuwa unasukuma upande gani?

Wote walijua kwamba Kalala hakusukuma, hata kwa kidole. Alitembea kando ya reli akigonga chuma, na bila yeye kitoroli kilikuwa kimerudi nyuma na wagonjwa wake.

Kalala akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, na Mbelu, ambaye hakusikia habari ya mashine, akadhani ni yeye aliyekosa adabu kwa kuuliza, akaomba radhi.

— Hapana, mama. Mie sikusukuma. Mie nilikuwa nagonga tu.

— Mugeni njoo, mwenyeji apone, akasema Ministre. Methali yake ilikuwa imekaa mahali pake, na mwenyewe hakujua.

Kalala akanyoosha kikombe. Aboubakar akainamisha birika, likatoka tone.

— Imekwisha, Chef. Mama amekunywa ya mwisho.

Kalala akashika ukingo wa benchi, akainuka polepole, kisha akagonga lile taruma kwa kidole, taratibu, kama alivyokuwa akigonga zamani. Akapapasa mfuko wa tiketi.

— Haina neno. Yangu utaniwekea. Nitakunywa nikirudi.