Gari la Mpwa Aliyefaulu

Sifa zote ni za Mola, ndugu zangu, anayewatoa majini hata wale wasiojua kwamba wanazama! Amani iwe juu yenu nyote mnaosoma.

Najua wengine wametolewa kwenye ulevi, wengine kwenye maradhi yaliyowashinda waganga. Mimi nilitolewa kwenye gari. Lilikuwa gari la spoti, la viti viwili, na zee. Chekeni kwanza. Mke wangu amekwisha kucheka, nami nimemsamehe.

Nilizaliwa mtaa wa Mahabibo, mjini Mahajanga, huko Madagaska, katika nyumba ya Wakomoro. Ndani tulisema Kikomoro, mtaani Kimalagasi, shuleni Kifaransa. Kiswahili hiki nilikipata ukubwani huko Tanga, nilikokwenda kufundisha. Miaka ile bendera yetu ilikuwa bado mpya, na kijana wa Mahabibo aliyekwenda kusoma chuo kikuu Antananarivo alihesabiwa jirani wa mawaziri. Kijana huyo nilikuwa mimi. Nilivaa tai hata nikienda kununua mkate.

Mwaka wa pili nikafeli mtihani wa sheria. Nilipewa nafasi ya kuurudia mwezi wa kumi, nikarudi nyumbani kwa likizo. Mama aliponiuliza habari za masomo, nilimjibu, "Mitihani imekwisha, Mama." Ndugu zangu! Hakukuwa na neno la uongo katika jibu hilo, na sijapata kusema uongo mkubwa kuliko huo. Mama alipiga vigelegele. Haukupita muda habari ikavuka bahari hadi kisiwa cha Nosy Be, kwa mjomba wangu.

Kwetu mjomba ni mtu mzito. Akikupa kitu unakipokea kwa mikono miwili, na ukikikataa umeikataa nyumba nzima ya mama yako. Mjomba alikuwa msimamizi mahali wanapochemsha maua ya ilangilangi kutoa mafuta ya manukato. Mwajiri wake, Mfaransa, alipofunga mizigo kurudi kwao baada ya uhuru, alimwachia gari lake. Mjomba hakujua kuendesha. Alilipakia kwenye meli ya mizigo, likateremshwa Mahajanga likiwa na karatasi kwenye kioo: "Kwa mpwa wangu aliyefaulu."

Ningesema kweli siku ile ile, yangekwisha bandarini. Lakini watu walikuwa wamesimama wanatazama, na gari lilikuwa jekundu. Nikaingia.

Lilikuwa na paa la turubai lililochanika, na mlango uliofunguka kwa nje tu, hivi kwamba kila nilipotaka kushuka ilinibidi nitoe mkono dirishani kama mfungwa. Asubuhi lilikataa kuwaka. Likishawaka lilikataa kuzimika. Vitabu vyangu vya sheria nilivibeba kila siku hadi gereji ya fundi Bakari, Tsaramandroso, nikiamini nitasoma wakati yeye anafanya kazi. Nilichosoma ni mgongo wa fundi Bakari.

Kisha ikaja harusi ya jirani. Kwetu bwana harusi husindikizwa hadi nyumbani kwa bibi harusi kwa mwendo wa pole sana, kwa nyimbo, ili asiwepo wa kusema hakumwona. Safari hii walitaka aende kwa gari la msomi. Gari lililoundwa kukimbia likaambiwa litembee kama bi kizee anayetafuta sindano! Tulipofika katikati ya Mahabibo rejeta ilichemka, mvuke ukamfunika bwana harusi na joho lake. Akaruka nje, akaanza kusukuma.

"Ewe msomi!" akapaza sauti mama mmoja. "Huko chuoni hamkufundishwa kuchemsha maji jikoni?"

"Mwacheni," akajibu mwenzake, "kijana amefaulu, msimwonee wivu!"

Wote wakacheka. Mimi neno lile lilinichoma kuliko mvuke.

Wiki ile ile mwenye hoteli moja ya ufukweni Amborovy akaja kusema anataka kulinunua. Alitaka kuliegesha mlangoni, wageni walione. Alinipa hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata nimjibu. Hapo ndipo akili ilipoanza kuniruka, ndugu zangu. Nikilibakiza, sitasoma, na mwezi wa kumi nitafukuzwa chuo. Nikiliuza, nimeuza zawadi ya mjomba, tena zawadi ya ushindi ambao sikuupata. Nililiosha asubuhi ili nilibakize, na jioni nikaliosha tena ili niliuze. Kumweleza mjomba ukweli? Hilo halikunipitia akilini. Nilikuwa nimesoma mno.

Nikaswali istikhara, ile swala ya kumwomba Mola akuelekeze kwenye lenye heri. Kwetu watu wengi hungojea ndoto baada yake. Niliota nakula embe. Nikamwomba Mama aniswalie, naye akaota kitambaa cheupe. "Ni heri, mwanangu. Usiliuze." Mama mdogo akasema kitambaa cheupe ni sanda, liondoke kabla halijaniua. Wakagombana juu ya kitambaa ambacho mmoja wao hakukiona. Nikamwendea hata fundi Bakari.

"Nami nimeota," akasema kutoka chini ya gari. "Nimeota nalitengeneza hili gari lako."

"Hiyo si ndoto, fundi. Hiyo ni Jumatatu."

Jumatano nikaenda kwa maalim aliyenifundisha Kurani utotoni. Nilimweleza yote: embe, kitambaa, Amborovy. Hata karatasi ya kwenye kioo nikamsomea, kisha nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba nilikuwa nimefeli. Alinisikiliza akiwa anakata kucha.

"Gari alipewa nani?" akauliza.

"Mpwa aliyefaulu, maalim."

"Ndiye wewe?"

Nikaikunja ile karatasi, nikairudisha mfukoni.

"Basi unamwomba Mola akuelekeze juu ya mali ya watu," akasema. "Toka hapa. Nenda kwa mwenyewe."

Ndugu zangu, siku saba nilikuwa nikibisha hodi mbinguni kumbe mlango wangu ulikuwa Nosy Be! Nilimwacha mwenye hoteli na Ijumaa yake, nikapanda meli ya pwani. Nilitapika njia nzima, na bahari ilikuwa shwari.

Nilimkuta mjomba barazani kwake. Nikamwamkia "kwezi," ndiyo shikamoo yetu, nikasema kabla sijakaa: "Mjomba, nilifeli."

Nikangoja aniambie nisimwite mjomba tena.

"Somo gani?"

"Sheria, Mjomba. Sheria ya mali."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akaacha ghafla. "Nimewaambia watu wote wa mji huu kwamba umefaulu. Msikitini nimesema. Sasa nitakwenda kuwaambia mimi, au utakwenda wewe?"

Nilikwenda mimi. Baada ya swala ya alasiri nilisimama mbele ya wazee wa Nosy Be nikasema nimefeli, wakasema "Mungu akufanyie wepesi," wakaendelea kuvaa viatu. Ni hayo tu! Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaogopa!

Nilipomwuliza mjomba habari za gari, alisema, "Nampa mpwa wangu, basi. Liuze, libakize, litupe baharini. Usiniulize tena."

Sasa lilikuwa langu kweli, na sikuwa na mtu wa kumsingizia. Wala sikuota chochote. Nilirudi Mahajanga nikalipeleka Amborovy, ambako mwenye hoteli bado alilitaka, nikatoa mkono dirishani, nikashuka. Mwezi wa kumi nilifaulu, kwa alama ambazo adabu inanikataza kuzitaja.

Je, nilifanya vema kuliuza? Sijui hadi leo. Viti vyake vilikuwa vya ngozi, ndugu zangu, na lilikuwa jekundu. Hilo Mola hakunifunulia. Alichoniondolea ni ile hofu ya kuitwa kwa jina ambalo si langu, na namshukuru kwa hilo kila ninaposwali.

Nawe unayesoma, kama umeshika kitu ulichopewa kwa sababu isiyo ya kweli, usimsumbue mama yako akuotee. Mtegemee Mola, panda chombo, ukaseme. Huenda ukarudi ungali umechanganyikiwa, kama mimi. Lakini utalala.