Mzee Talib Jecha na Salamu za Kabla ya Shifti

Mzee Talib Jecha wa Kiuyu anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na nne kwenye mitambo ya kuchimba gesi baharini. Aliingia kama kibarua wa kupaka rangi vyuma, akapanda hadi kuwa msimamizi wa usalama. Chai yake ya tangawizi inachoma koo, na kwa kukoroma hana mpinzani. Tuliolala naye chumba kimoja tunalijua hilo.

Wafanyakazi wapya walidhani ana kiburi. Ukimsalimia huku bomba linaning'inia kwenye kreni, hakuitikii. Kwa Mpemba hilo si jambo dogo, na wapo waliomnunia.

Tuliomjua zamani hatukumlaumu. Mwaka 2009 alirudi kutoka likizo, akapanda juu ya mtambo na kumsalimia kwa nyuma Duni Hamad, kijana wa Kengeja aliyekuwa akiongoza bomba kwa kamba. Duni alikuwa na adabu zake. Hakuweza kumwitikia mkubwa wake huku amempa mgongo, basi akageuka mzima mzima na kuanza kuuliza habari za nyumbani. Bomba likayumba, likampiga kichwani. Alifariki kabla helikopta haijafika. Mzee Talib ndiye aliyeusindikiza mwili hadi Kengeja, na ndiye aliyemweleza mama wa marehemu, Bi Mwatum, ilivyokuwa, bila kusingizia kamba wala upepo.

Alipokabidhiwa usalama wa mtambo, alibadilisha mambo. Kabla ya kila shifti tulikaa sote kwenye chumba cha chai, tukasalimiana hadi haja ikaisha: wazee, watoto, karafuu, hata mbuzi. Meneja mmoja wa kigeni alilalamika kwamba huo si mkutano wa usalama. Kumbe hapo ndipo Mzee Talib alipokuwa akitusoma. Siku moja alimgeukia mwenzetu Ridha, aliyekuwa akijibu mkato mkato, akamuuliza: "Akili yako i wapi leo?" Ridha akasema mwanawe kalazwa Wete. Hakupanda siku ile. Alipewa simu akae nayo chini. Sisi tuliopanda tulifunga midomo na macho yakabaki kwenye bomba.

Tulipoandaa wasifu huu tuliandika kwamba chini ya usimamizi wake hakufa mtu, na ni kweli. Alituomba tuifute sentensi hiyo. Bi Mwatum amealikwa, alisema, na hapendi mama huyo akae ukumbini asikie hesabu isiyomtaja mwanawe.

Mzee Talib, umeturudisha kwa wake zetu na watoto wetu tukiwa wazima. Ahsante sana. Mungu akujaalie afya na umri wenye baraka huko Kiuyu.

Wageni wetu, kwa ombi lake mwenyewe, kwanza tumsomee Fatiha Duni Hamad. Makofi ya Mzee Talib yatafuata.