Jeremiah Nzomo na Mahindi Yaliyokataa Kuota

Alhamisi, tarehe 30 Novemba 2006, Bwana Jeremiah Nzomo, fundi wa maabara, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika shule yetu hapa Machakos. Mimi, Wagaki wa Biolojia, nimekubali kumwandikia kwa sharti moja: nieleze yaliyotokea mwaka 2000.

Kila Januari Jeremiah aliweka jiwe na haragwe mbele ya Kidato cha Kwanza, akauliza kipi kina uhai. Kisha, kwa ile sauti yake ya taratibu, aliwahesabia: kiumbe hai hula, hupumua, hutoa taka, hukua, huzaa, husogea na huhisi. Hata haragwe kavu linapumua, alisema, ila polepole sana, kama mtu aliyelala fofofo. Darasa zima lilinyamaza kulisikiliza. Siku moja, jua la saa kumi likiingia dirishani, naapa hata mimi nililisikia.

Saa hiyo aliipenda mno. Ungemkuta akitazama miche ya kunde ikiinamia mwanga, chai imepoa mkononi, hasikii akiitwa. Tulimtania kwamba naye ameota mizizi.

Sasa, mwaka 2000. Ukame ulikuwa umetukaba, nami nilikuwa mgeni kutoka Nyeri, bado sijathibitishwa kazini. Jeremiah akiwa likizoni, niliagizwa nioteshe mahindi ya mtihani wa kitaifa wa vitendo. Nikachota jikoni mahindi meupe, ya kupendeza, nikayalaza kwenye pamba yenye maji. Siku tisa nikayamwagilia, hata nikayaombea. Wapi! Jeremiah aliporudi alicheka hadi akashika meza. Kumbe nilikuwa nikimwagilia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa ganda na kiini, chakula cha kila nyumba ya Ukambani. Kisha akakumbuka zimebaki siku saba, akaacha kucheka.

Madukani mbegu zilikuwa zimekwisha, kila mtu akingoja mvua. Akaenda Ndithini kwa mama yake, Mama Kalunde, aliyebakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu. Mama aliuliza kama watoto hao watazipanda au watazila. Jeremiah akakiri kwamba watazikatakata wazichungulie. Mama alisonya, kisha akamimina nusu ya kibuyu. Watahiniwa wote arobaini na wawili walipata mche.

Mwalimu Mkuu wa wakati huo alitaka kujua ni nani aliyekaribia kuharibu mtihani. Jeremiah akasema ni yeye. Aliandikiwa barua ya onyo, mimi nikathibitishwa. Nilinyamaza, na aibu hiyo nimeishi nayo. Barua imo kwenye faili lake hadi leo, na mara mbili imemnyima cheo. Kila nilipotaka kusema, aliniambia niende darasani nikafundishe.

Leo sikuomba ruhusa yake. Kosa lilikuwa langu. Mwalimu Mkuu, tafadhali iondoe barua hiyo kabla ya Alhamisi, na kama lazima faili moja liwe na barua, liwe langu.

Nisamehe, Jeremiah, na asante. Sote tunakuombea mvua, afya na wajukuu wasumbufu. Uende nyumbani na jina lako safi, kama ulivyokuja nalo.