Kura Niliyoiuza kwa Ghala la Tumbaku

Sogezeni viti hapa kitandani, wanangu, wewe Burwell na wewe Parthenia, mnisikilize mpaka mwisho, maana pumzi iliyobaki ni ya kusema mara moja tu. Kezia, usitoke. Endelea kunishika kichwa, haya yanakuhusu kuliko yeyote.

Nyumba na shamba ni vyako, Burwell, na farasi wote isipokuwa yule mweupe, huyo ni wa dada yako. Hayo mnayajua. Nisilowahi kutamka ndani ya nyumba hii ni kwamba Kezia ni damu yangu, dada yenu mkubwa, niliyemzaa na Sabra aliyekuwa mpishi wetu. Parthenia, usiangalie ukutani, binti yangu. Kila siku unaiona pua yangu usoni mwake, na Virginia nzima imejaa pua za namna hiyo.

Sabra alipokuwa anakufa nilimwahidi kwamba mtoto wake atakuwa huru. Lakini mwaka ule wa elfu moja mia nane na sita, nikiwa mbunge kule Richmond, ukaletwa mswada kwamba mtumwa akiachwa huru aondoke Virginia ndani ya miezi kumi na miwili, na akikutwa baada ya hapo akamatwe auzwe tena. Sikuutaka hata kidogo. Ila nilikuwa natafuta langu: serikali ijenge ghala la kukagulia tumbaku kwenye gati letu, ili tusivingirishe mapipa maili ishirini kwenda kwa watu wengine. Wenye mswada wakaniambia, "Bwana Thweatt, utuunge mkono kwenye letu, nasi tutakuunga kwenye lako." Nikawaunga. Niliporudi nikawanywesha wapiga kura ramu siku mbili, wakanibeba mabegani, na Kezia ndiye aliyepitisha vikombe, hajui nilichomfanyia.

Mwaka uliofuata Kongresi ikazuia meli zisiende ng'ambo, tumbaku ikaoza mle ghalani mpaka watu wakaziba pua. Hicho ndicho nilichopata. Na bado nilisimama majukwaani nikidai watumwa wahesabiwe kama watu tukigawana viti vya Kongresi, na kodi ikitajwa nasema hao ni mali tu, kama ng'ombe. Naona haya, wanangu.

Sasa karatasi ya kumwacha Kezia huru imeshaandikwa, na mashahidi wawili wako barazani. Jana nilipomwambia, aliniuliza, "Na wanangu, Bwana, wanabaki na nani?" Hakusema asante, wala hakupaswa. Hao wanawe, Jubal na Tamar, nilikupa wewe, Parthenia, siku ya harusi yako, kama mtu anavyotoa vijiko vya fedha, na siwezi tena kuwachukua. Waachie waende na mama yao. Nakuomba, mimi ambaye sijawahi kukuomba kitu. Umeitikia kwa kichwa, nimeona. Asante, mama.

Burwell, utawapeleka mwenyewe hadi Ohio, kusiko na utumwa, kabla ya baridi, usimtume mtu. Najua mwakani unagombea kiti changu, na majirani watasema mzee Thweatt amechanganyikiwa, amejiumbua yeye na ukoo wake. Waache waseme. Mimi kiti nilikipata, na ona ninavyokufa.

Nipe maji, Kezia. Basi, yanatosha.

Mungu awalinde nyote watatu. Nimesema watatu, Burwell. Awape usingizi mwema kuliko alionipa mimi. Haya, nipeni kalamu nitie sahihi, mkono bado una nguvu kidogo. Ninyanyue, Kezia. Ilikuwa hapa mezani, kando ya kikombe, nimeiona sasa hivi. Burwell, hebu fungua kiganja. Waiteni wale wa barazani... Parthenia, mbona umekaa? Waite wewe, sauti yangu haifiki. Burwell. Kalamu, mwanangu. Nakuomba kalamu, baba.