Tarishi Aliyefuta Kila Alichoandika

Baada ya miaka thelathini na minne ya kubeba barua, Mzee Zadock Nyangweso, tarishi wa ofisi yetu hapa Homa Bay, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1967. Baiskeli yake ilistaafu kabla yake, ila hakuna aliyeiandikia barua.

Aliajiriwa mwaka 1933 kwa sifa moja kubwa: hakujua kusoma. Mabwana wa wakati ule walitaka tarishi mwaminifu, na mwaminifu kwao alikuwa mtu ambaye herufi na siafu ni mamoja. Angejifunza, angefukuzwa.

Basi akajifunza. Kila alipopeleka barua Kendu Bay alipitia jikoni kwa Mzee Elijah, mpishi wa misheni, ambaye utotoni alikuwa mtumwa huko pwani. Elijah na wenzake walipokombolewa walipewa kitabu kimoja, watu ishirini. Wakakichana, kila mtu akakariri ukurasa wake, kisha wakafundishana. Ukurasa wa Elijah ulikuwa umeliwa na mchwa zamani, lakini alikuwa nao kichwani, akamwandikia Zadock kwenye jivu. Mtu akipiga hodi, jivu linasawazishwa kwa kiganja, na wanaume wawili wanakutwa wakiota moto saa sita mchana.

Kiganja kile hakikusahau. Ofisini Zadock aliandika kwenye vumbi la meza, akafuta. Mwaka 1951 alipewa barua ya pongezi kwa usafi, na sisi makarani tukaambiwa tumuige.

Uhuru ulipokuja, amri ikageuka: tarishi asiyejua kusoma aende nyumbani, bila pensheni. Mwaka 1965 Mzee akapelekwa ngumbaru, darasa la kisomo cha watu wazima, pamoja na wengine. Akafeli mtihani mara mbili, maana kila mkaguzi alipofika kwake alikuta kibao kitupu. Mimi Cephas, karani wa faili, nilicheka. Nimejuta sana. Nafasi ya mtihani ilibaki moja.

Ni mwalimu Rispa aliyemwona akiandika, kisha akifuta upesi kwa kiganja. Akaketi kando yake.

"Mzee, wacha kufuta," alimwambia. "Hakuna mtu anakuja."

Siku ya mtihani alijaza kibao pande zote mbili. Ulikuwa ukurasa wa Elijah, neno kwa neno.

Wakubwa walifurahi, mpaka walipokumbuka barua zote za siri alizobeba. Walipomuuliza alisoma ngapi, alijibu kwamba kila bahasha ilikuwa na jina la mwenyewe, na jina hilo lilisomeka vizuri.

Mzee Zadock, ahsante. Nenda kwako Kendu Bay, ule samaki kwa raha na usome gazeti mchana kweupe. Lakini kabla hujaondoka, kitabu cha ofisi kiko mezani. Miaka yote umetia dole gumba, hata baada ya kufuzu, kwa mazoea tu. Leo hatulitaki. Kitambaa cha vumbi nimekificha. Andika jina lako, uliache.